Kuchapa, Kuchapisha na Mtandao: Uhakiki wa Maneno ya Printa katika Nyanda za Juu Kusini

Uhakiki wa lugha umezoea kupima tenzi, hadithi na tamthilia, wala si ajabu, kwa kuwa humo ndimo watunzi hutia nguvu zao zote. Walakini yako maandishi mengine ambayo hayana mtunzi ajulikanaye kwa jina, hayasomwi kwa starehe wala hayapati tuzo, na juu ya hayo husomwa kila siku na watu wengi kuliko diwani yo yote. Hayo ni maneno machache yatokeayo katika kioo cha kompyuta pale mtu anapotaka waraka wake utoke katika karatasi. Karani wa Mbeya hukutana nayo, mwanafunzi wa Iringa hukutana nayo, na mwenye duka la steshenari hukutana nayo tangu asubuhi hata jioni. Maneno hayo yametungwa au yamefasiriwa na watu, na kila kilichotungwa na watu chaweza kupimwa. Kipimo chake ni kimoja tu: je, neno humwongoza msomaji kwenye tendo alitakalo, au humpoteza njia?

Kazi ya kuyatia maneno ya kompyuta katika Kiswahili ilishika kasi mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2004 Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu wa Sweden katika mradi ulioitwa Kilinux, ilitoa Jambo OpenOffice, programu za kuandikia na kuhesabia zilizosema Kiswahili. Baadaye kampuni ya Microsoft nayo ilitoa maneno ya Kiswahili kwa ajili ya Windows na Office, na Google ikafanya vivyo hivyo kwa programu zake. Wafasiri wa kazi hizo walipita katika pori lisilokuwa na njia. Uhakiki wo wote usiokumbuka jambo hilo utakuwa dhuluma. Lakini njia iliyokwisha kukatwa yafaa kukaguliwa, maana wapitao sasa ni wengi, na wengine wamebeba mizigo mizito.

Kabla ya kulipima neno la leo, yafaa kutazama lilikotoka. Neno chapa limekuja kutoka Bara Hindi, ambako lilikuwa na maana ya alama iliyogandamizwa juu ya kitu. Kiswahili kililipokea kwa ukarimu na kulipa kazi nyingi: ng'ombe hutiwa chapa, bidhaa huwa na chapa yake, na vitabu vilisemwa kuwa vimepigwa chapa, kwa mfano uleule wa kupiga mhuri, kupiga pasi na kupiga picha. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyofika Unguja mwaka 1864, ilikuwa na mtambo wake wa chapa huko, na kwa muda mrefu baadaye wasomaji wa Tanganyika walizoea kuona katika vitabu na magazeti ya dola jina la Mpiga Chapa wa Serikali. Katika matumizi hayo ya kale mambo yalikuwa wazi. Mpiga chapa alikuwa mtu mwenye mashine, wino na karatasi.

Kutoka katika chapa likazaliwa chapisha. Mnyambuliko huu una adabu yake. Mzazi amsomeshaye mtoto si lazima amfundishe. Huenda hajui kusoma yeye mwenyewe, bali hutoa karo na kumpeleka shuleni. Vivyo hivyo mwandishi achapishaye kitabu hagusi mtambo. Husababisha kitabu kipigwe chapa na kifike mikononi mwa watu. Kwa hiyo chapisha likachukua maana ya kutoa maandishi hadharani, nalo chapa likabaki kiwandani pamoja na wino wake. Watu wawili, kazi mbili, maneno mawili. Lugha ilikuwa imeshona nguo inayowaenea wote wawili.

Sasa na itazamwe kazi yenyewe, kwa maana maneno hayawezi kuhukumiwa mbali na mambo yatajwayo nayo. Mtu ameketi mbele ya kompyuta ya mezani, na mbele yake pana waraka wa PDF. Muundo huo wa waraka ulitolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1993, na mwaka 2008 ukafanywa kuwa kanuni ya kimataifa. Sifa yake ni kwamba ukurasa huja umekwisha kupangwa: kila herufi mahali pake, kila mstari na urefu wake, na sura za herufi zenyewe zaweza kufungashwa ndani ya waraka. Ndiyo sababu barua iliyoandikwa Dodoma huonekana Iringa kama ilivyoandikwa, ijapokuwa kompyuta hizo mbili hazifanani. Mtu huyo akitoa amri, programu iitwayo kiendeshi huugeuza waraka uwe katika lugha inayofahamika na printa. Kisha kazi hiyo huingia katika foleni, ikingojea zamu yake. Zamu ikifika, hupita katika waya au hewani hata kwenye printa, ambayo huenda iko chumba kingine au ghorofa nyingine, na printa hiyo hujulikana kwa namba yake ya anwani, kama nyumba ijulikanavyo kwa namba ya kiwanja. Mwisho karatasi hutoka.

Msomaji aangalie jambo moja kubwa katika maelezo hayo. Tangu kutolewa amri hata karatasi kutoka, intaneti haikutajwa. Kompyuta na printa huunganishwa na kisanduku kidogo kilicho humo humo ofisini, na safari yote yaweza kumalizika bila ya neno hata moja kutoka nje ya mlango. Jambo hili lina uzito wake, kama itakavyoonekana mbele.

Neno la kwanza la kupimwa ni lile la amri yenyewe. Katika programu nyingi zilizofasiriwa, kitufe cha kutoa waraka katika karatasi kimeandikwa Chapisha. Pengine katika programu zilezile, kitufe cha kuweka maandishi hadharani, ili yasomwe na ulimwengu mzima, nacho kimeandikwa Chapisha. Kwa hiyo yale maneno mawili yaliyotengwa na wazee kwa hekima yamerudishwa kuwa moja. Mwalimu aliyetunga mtihani wa kidato cha nne katika shule moja ya Iringa, naye anataka nakala 40 za kugawa darasani siku ya Jumatatu, anakutana na neno linaloweza kumpa karatasi 40 au kuutangaza mtihani wake kabla ya siku yake. Itasemwa kwamba hapo pana picha ya printa pembeni, nayo humwokoa. Ni kweli, mara nyingi humwokoa. Lakini neno linalohitaji picha ili lisimdhuru msomaji ni neno lililoshindwa kazi yake, na picha ndiyo inayostahili sifa.

Dawa ya kosa hili haiko mbali. Neno chapa lipo, ni fupi, nalo ndilo la asili kwa tendo hili. Chapa kurasa zote; chapa nakala mbili; chapa ukurasa wa 3 hadi wa 7. Hakuna mtu wa Mbeya wala wa Iringa atakayeshindwa kulifahamu. Hapana budi kukubali kwamba chapa lina maana nyingine pia, ile ya kupiga kwa fimbo, na labda wafasiri waliona haya kuiamuru mashine kwa neno la bakora. Haya hiyo haina msingi. Watu wasemao kupiga simu hawafikiri kwamba simu yaumia.

Neno la pili lina madhara makubwa zaidi, nalo ni mtandao. Kwa asili yake ni neno zuri sana. Latokana na kutanda, na lakumbusha utando wa buibui na kazi ya mfumaji. Lakini uzuri wake umelifanya liitwe kila mahali. Kampuni za simu huitwa mitandao. Intaneti huitwa mtandao. Shirika la kutetea haki za wanawake laitwa Mtandao wa Jinsia Tanzania. Mahali ambapo watu huweka picha zao na malumbano yao huitwa mitandao ya kijamii. Na waya uunganishao kompyuta tatu na printa moja katika ofisi moja, nao ni mtandao. Neno lililobeba mizigo mitano kwa kichwa kimoja haliwezi kutembea bila ya kuangusha mmojawapo.

Mzigo uangukao mara nyingi ni ule wa printa. Kompyuta ikishindwa kuifikia printa, baadhi ya programu huandika kwamba printa iko nje ya mtandao. Mfasiri hakukosea kwa kipimo cha kamusi. Aligeuza neno kwa neno, na hesabu yake ikatimia. Lakini msomaji wa Mwanjelwa au wa Miyomboni hasomi kwa kamusi. Husoma kwa mazoea. Kwake yeye nje ya mtandao maana yake ni kwamba intaneti imekwisha, au imekatika, au bando limemalizika. Kwa hiyo atafanya moja kati ya mambo mawili: atanunua bando jipya, ambalo halitamsaidia, au atamwambia mteja arudi kesho.

Mfano wa kubuni utaonyesha uzito wa jambo hili. Na afikiriwe msichana aliyemaliza kidato cha sita, atokaye kijiji kilicho karibu na Tukuyu, anayeomba mkopo wa masomo ya chuo kikuu. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu huwataka waombaji wajaze fomu katika mfumo wake wa intaneti, kisha fomu itolewe katika karatasi, itiwe saini na mihuri inayotakiwa, na kurasa zilizotiwa saini zirudishwe katika mfumo huo. Msichana huyo amekwisha kujaza fomu yake kwa msaada wa mwalimu, na waraka wa PDF anao ndani ya flashi. Anapanda gari hadi Mbeya mjini, safari ya yapata kilomita 70, na kuingia katika duka la steshenari. Usiku uliotangulia umeme ulikuwa umekatika na kurudi. Kile kisanduku kinachogawa namba za anwani kilipowaka tena, kiliipa printa namba nyingine, nayo kompyuta bado inaitafuta printa kwa namba ya jana. Kioo chaandika: printa iko nje ya mtandao. Kijana wa dukani atazama, atikisa kichwa, na kusema kwa upole, “Mtandao hakuna, dada. Pole sana, labda kesho.”

Kijana huyo hakudanganya, wala hakuwa mvivu. Alisoma kilichoandikwa, akakifahamu kama watu wote wanavyokifahamu. Lakini maneno yake hayakuwa na ukweli wo wote. Waraka ulikuwa mkononi mwa mwenyewe, kompyuta ilikuwa inawaka, printa ilikuwa na karatasi na wino, na intaneti haikuhitajika hata kidogo. Kilichohitajika kilikuwa kuipa kompyuta namba mpya ya printa, kazi ya dakika chache, au kuunganisha printa kwa waya wake moja kwa moja. Msichana analipa nauli ya kurudi, analipa nauli ya kuja tena, na siku ya mwisho ya maombi inazidi kukaribia. Kosa la mfasiri aliye mbali limelipwa na mtu asiyemjua, kwa fedha ya mfukoni mwake.

Je, lingeandikwa nini? Jibu limekuwako masikioni mwa watu kwa miaka mingi. Kila mtu aliyewahi kupiga simu amesikia sauti ikimwambia kwamba namba anayopiga haipatikani. Hakuna aliyesikia maneno hayo akadhani dunia nzima haina simu. Hufahamu mara moja kwamba yule mmoja amtafutaye hafikiki, na kwamba huenda amezima simu yake au yuko mahali pasipo na mawasiliano. Kama kioo kingeandika tu kwamba printa haipatikani, kijana wa dukani angeigeukia printa yenyewe, atazame kama imewashwa, kama waya wake umekaa sawasawa, na kama namba yake ni ileile. Neno lingeuelekeza mkono mahali penye ugonjwa. Na pale panapohitajika kuutaja mtandao, utajwe kwa jina kamili: mtandao wa ndani kwa ule wa ofisini, na intaneti kwa ule wa dunia. Neno intaneti limekwisha kukubaliwa na wasemaji. Hakuna faida ya kulikwepa.

Neno la tatu ni chaguo-msingi, litumiwalo kwa printa ile ambayo kompyuta huiendea yenyewe iwapo mtumiaji hakutaja nyingine. Neno hili limeundwa kwa bidii, na umbo lake halina kasoro ya sarufi. Kasoro yake iko katika maana. Msingi ni kitu kinachobeba nyumba. Kwa hiyo chaguo-msingi laonekana kuwa chaguo muhimu kuliko yote, lililofikiriwa na kupimwa. Kumbe ni kinyume chake: ni chaguo lililofanywa wakati mwenyewe hakuchagua. Katika chuo chenye majengo mengi, kama vile Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, Iringa, kilichoanzishwa mwaka 2005, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbeya, kompyuta moja yaweza kuonyeshwa printa nyingi zilizo katika vyumba mbalimbali. Mtu asiyeangalia aweza kubofya mara moja, na karatasi zenye alama za wanafunzi au barua ya siri zikatoka katika chumba asichokijua, zikalala hapo mpaka mpita njia azisome. Jina kama printa ya kawaida lisingekuwa na fahari ya kitaalamu, lakini lingemwuliza msomaji swali lifaalo: je, leo wataka ile ya kawaida, au nyingine?

Kosa la nne ni dogo kwa sura, nalo lahusu kipimo cha karatasi. Karatasi itumiwayo Tanzania, kama katika nchi nyingi za dunia, ni A4, yenye milimita 210 kwa 297. Marekani hutumia karatasi ya kipimo kingine, iitwayo Letter, yenye milimita 216 kwa 279, na programu nyingi zimezaliwa huko. Waraka uliopangwa kwa kipimo cha Letter ukipelekwa kwenye printa yenye A4, printa nyingine husimama na kudai iwekewe karatasi ya Letter. Hapo mfasiri asiyeiona printa kwa macho yake ataliona neno hilo la Kiingereza, atakumbuka maana yake ya shuleni, na kuandika Barua. Printa itakuwa inamwambia karani aweke barua. Karani mwenye utii aweza kutafuta barua ya kuweka. Jambo hili huchekesha, lakini katika kucheka huko pana fundisho: jina la kipimo halifasiriwi, kama vile jina la mtu halifasiriwi. Mtu aitwaye Simba habadiliki kuwa mnyama akivuka mpaka.

Haki yataka yatajwe pia maneno yaliyofaulu, nayo si haba. Foleni ni neno lililochukuliwa mitaani, na kila mtu aliyewahi kungoja maji, mafuta au daktari analijua. Laeleza sawasawa kwamba kazi iliyotumwa kwa printa haijapotea, bali imepanga mstari nyuma ya nyingine. Anayelifahamu neno hilo hatabofya mara kumi kwa hasira karatasi inapochelewa, kwa sababu atajua kwamba kila mbofyo ni mtu mmoja zaidi katika mstari, na printa ikipata nguvu itatoa nakala zote kumi. Haraka haraka haina baraka, na hapa hasara yake huhesabika kwa kurasa. Watu wa Mufindi, ambako kuna msitu wa Sao Hill na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, hawahitaji kuambiwa kwamba karatasi ni mti uliokatwa.

Hifadhi nalo ni neno jema, kwani lina maana ya kutunza kitu kisipotee, na ndivyo kompyuta ifanyavyo. Ghairi ni neno la kale lenye utamu wake, lakini lafaa likae mahali pake. Kughairi ni kubadili nia kabla ya tendo. Mtu aliyefungua dirisha la kuchapa kisha akaona hana haja, huyo ameghairi. Lakini kazi iliyokwisha kuanza, karatasi ya tano ikiwa inatoka na 95 zimebaki, haighairiwi, husimamishwa. Kitufe cha hapo kiandikwe Simamisha, nacho kitaeleweka na kila aliyewahi kupanda daladala.

Kuhusu jina la mashine yenyewe, hukumu imekwisha kutolewa na watu. Wako waliopendekeza kichapishi, na wengine kichapaji, na maumbo hayo yote mawili yamefuata kanuni. Lakini madukani Iringa na Mbeya husemwa printa, na tendo husemwa kuprinti, au kutoa kwa kifupi: “Nitolee kurasa tatu.” Historia ya neno kompyuta yafaa kukumbukwa hapa. Yalipendekezwa tarakilishi na ngamizi, na wataalamu wakashindana kwa hoja nzuri. Wakati wanashindana, wasemaji walikuwa wamekwisha kulichukua neno kompyuta na kwenda nalo nyumbani. Printa limefuata njia hiyohiyo. Kulipinga sasa ni kujaribu kuurudisha mto juu ya mlima. Afadhali nguvu ya wataalamu itumiwe pale ambapo watu hawajachagua, au wamechagua neno moja kwa mambo mawili.

Itaulizwa, na swali hili ni la haki, kwa nini kuhangaika na maneno haya hali kompyuta nyingi za ofisini katika mikoa hiyo miwili zimewekwa katika Kiingereza. Jibu la kwanza ni kwamba hata hapo kioo kinaposema Kiingereza, ofisi husema Kiswahili. Karani husoma kwa lugha moja na kumweleza mwananchi kwa lugha nyingine, na neno atakalolitumia ni lile lililo karibu na ulimi wake. Kama Kiswahili hakina neno la kutenga mtandao wa ndani na intaneti, karani atasema mtandao hakuna, hata kama kioo kilisema jambo jingine kabisa. Jibu la pili lahusu watu wenyewe. Wengi katika Nyanda za Juu Kusini walinyonya Kihehe, Kinyakyusa, Kisafwa au lugha nyingine ya nyumbani pamoja na maziwa ya mama, wakajifunza Kiswahili wakiwa watoto, na Kiingereza wakakikuta mbele ya safari. Maana iliyotumwa kwa Kiingereza hushuka ngazi mbili kabla ya kumfikia bibi mzee aliyekuja kutaka hati ya kiwanja chake. Katika kila ngazi kitu kidogo humwagika. Kiswahili chenye maneno makini hupunguza kumwagika huko, wala hakuna lugha nyingine iliyowekwa vizuri zaidi kwa kazi hiyo, kwa kuwa ndiyo inayoeleweka na pande zote mbili za meza.

Itaulizwa tena kama kazi ya kusanifu maneno si ya wakubwa peke yao. Tangu Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, na tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanzishwa mwaka 1967, usanifu umekuwa na wenyewe, na ni heri kuwa hivyo. Lakini kusanifu kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kuunda neno. Ya pili ni kulipeleka likafanye kazi na kurudi kuuliza kama limeiweza. Hatua ya kwanza imefanywa kwa sifa nyingi. Hatua ya pili haiwezi kufanyiwa mezani. Yataka mtu aketi siku nzima katika duka la steshenari, asikilize ni neno gani linaloulizwa mara mbili, ni neno gani linalomrudisha mteja nyumbani, na ni neno gani ambalo mwenye duka amekwisha kulibadilisha kimya kimya kwa sababu la asili halikumfaa. Mashairi hupimwa kwa sikio la hadhira. Maneno ya kazi nayo yapimwe kwa mkono wa mtenda kazi.

Kwa ufupi, yanayotakiwa si mengi. Tendo la kutoa maandishi katika karatasi liitwe kuchapa, na kuchapisha kubaki na heshima yake ya kutoa maandishi hadharani. Neno mtandao lisitumiwe peke yake pale ambapo litamfanya mtu afikirie intaneti isiyohusika. Printa isiyofikiwa isemwe kwamba haipatikani. Majina ya vipimo vya karatasi yaachwe kama yalivyo. Na neno lililokwisha kukubaliwa na watu, kama printa na foleni, liachwe lifanye kazi yake kwa amani. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji neno geni. Yote yamo tayari katika lugha, yakingojea kuwekwa mahali pake.

Yule msichana wa kubuniwa wa Tukuyu hatajua kamwe kwamba wataalamu walijadiliana kuhusu mnyambuliko wa kitenzi au maana ya msingi. Atajua jambo moja tu: aliingia dukani na flashi yake asubuhi, akatoka na kurasa zake mkononi, akawahi kupata mihuri kabla ya ofisi kufungwa. Hiyo ndiyo sifa kubwa kuliko zote ambayo maneno ya namna hii yaweza kupata. Hayakumbukwi, kwa sababu hayakumzuia mtu.